Lensi Ngumu ya Tata Kalenga

Jumatatu, saa mbili na robo asubuhi, Tata Kalenga alinikalisha mbele ya taa yake katika chumba cha macho, hapa Kolwezi. Kwetu "tata" ni baba. Yeye ni fundi wa lensi, na mwezi ujao anaingia pension, anastaafu. Mimi nilikwisha kupandikizwa konea, ile sehemu angavu ya mbele ya jicho. Kidonda kimepona, lakini konea mpya imevutika kama yai, na miwani haisaidii: kila herufi naiona mbili. Mama alishasema, lensi isipokaa, shule basi.

"Lensi hii ni ngumu, haifuate mabonde ya jicho," Tata alinieleza. "Machozi njo inajaza mabonde, unaona sawa." "Njo" yetu ni "ndiyo".

Alinitia tone la rangi ya manjano, akawasha taa ya buluu. Penye machozi hung'aa kijani. Penye giza, lensi inagusa jicho. Lensi ya kwanza aliyonivalisha ikashuka. Ya pili ikashuka. Ya tatu vilevile. Nyuma yangu mama akaanza kufunga upya kitambaa cha kichwa, kama mtu anayetaka kwenda.

Tata akazima taa, akaniita "mwananchi" kwa Kifaransa. "Citoyenne, lensi haianguke. Ni weye unaangusha macho. Mi haiko mukwe wako!"

Kweli. Kwetu, uso wa mtu mzima ukikukaribia hivyo, unatazama chini, kama mbele ya mkwe. Nilijaribu kuinua macho, yakagoma.

Hakunigombeza. Alinivalisha tena lensi ya kwanza, akaanza kunisimulia siku yake ya kwanza kazini, mjini Likasi. Daktari mkuu alimwambia: "Utavaa lensi mpaka jioni. Kisha utagusa jicho ya mutu." Tata akatokwa machozi mchana kutwa. Wagonjwa wakawa wanamshika mkono: "Pole, tata. Nani alikufa?" Mama mmoja akamletea hata sukari ya matanga.

"Ulimurudishia?" niliuliza, nimemkodolea macho.

"Nilikunywa nayo chai. Usitikisike!" Taa ya buluu ilikuwa inawaka tayari. "Njo hii. Imekaa katikati."

Mtu anayeacha kazi mwezi ujao, na bado anahangaika hivyo na jicho moja la mtoto! Akaniazima ile lensi hadi yangu ifike.

Asubuhi iliyofuata niliivaa mwenyewe, nikaenda shule. Mwalimu aliuliza nani atasoma. Nikasimama, nikasoma ubao mzima, mpaka na tarehe. Kapinga, jirani yangu wa benchi, akanivuta sketi nikae: "Ikala sasa, weye! Alisema mustari moja tu."