Pua Yangu na Viboko vya Mume Wangu

Jamani, aibu hii nimeificha mpaka nimechoka, na kwa kuwa leo mmenikuta nacheka peke yangu, acheni niwaambie. Mume wangu aliponea chupuchupu kuchapwa hamsa ishirini, vile viboko ishirini na tano vya Mjerumani, na aliyetaka kumchapisha si adui yake, ni pua yangu.

Mimba ilikuwa ya mwishomwisho, ile ambayo ukiketi, kuinuka ni kazi ya watu wawili, kiangazi cha Dodoma kimekauka, vumbi tupu, na pua ikaanza kunitoka damu yenyewe tu. Mama mkwe, aliyezalisha wanawake wengi wa Kigogo pale kwetu, akasema mimba huwafanya wengine hivyo, niketi, niinamishe kichwa mbele, nibane pua penye nyama laini, nihemee mdomoni, nisiachie mpaka uji wa jikoni uchemke, na isipokatika nimwite. Nipake na samli kidogo puani kwa ajili ya vumbi. Mimi nikaona huo ni ushamba. Jirani yangu, mke wa askari (alishafika Bagamoyo, basi kila neno lake sheria), alisema watu wa mjini huinua kichwa, damu ikarudi ilikotoka.

Siku hiyo mume wangu alikuwa bomani, shahidi kwenye kesi ya mbuzi wa watu, nikampelekea uji. Njiani pua ikafunguka, nami nikaamua jambo dogo tu: sikai chini nikachafua nguo mpya, nitatembea huku natazama mbingu. Basi natembea, damu inashuka kooni, naimeza, najikwaa, uji unanimwagikia, watu wananipisha (nikadhani wanaheshimu tumbo), mpaka nikajigonga kwenye meza ya akida, yule aliyetuamulia kesi kwa niaba ya Mjerumani, nikashusha kichwa, na kabla sijasema shikamoo nikatapika damu mbele ya baraza zima.

Akida, mtu wa pwani mwenye kanzu nyeupe pee, akauliza nani kanipiga. Mdomo umejaa, siwezi kusema, nikamwonyesha mume wangu kwa kidole, maana yangu nimemletea uji, nao wakaelewa walivyoelewa. Jirani mmoja, wala hakuulizwa, akaongeza kwamba jana alitusikia tukigombana (kweli tuligombana, kuku alitagia kwenye mkeka). Askari akaenda kuchukua kiboko.

Mama mkwe alikuwa pembeni na wanawake wenzake waliokuja kusikiliza kesi. Akaja, akanikalisha, akaniinamisha, akanibana pua mpaka damu ikakatika. Nikapata sauti, nikaeleza kwamba imetoka yenyewe, na baraza likacheka.

"Pua haitoki damu bila ngumi, bibi," akida akasema. "Kama yako inatoka, basi itoke tuione."

Akasogea kunichungulia, baraza lote linaingojea pua yangu, na pua kavu. Siku zote isipotakiwa inatiririka, leo inatakiwa, imegoma. Mume wangu akaniinamia sikioni.

"Mke wangu," akaninong'oneza, "jitahidi."

Wakamvua shati. Askari akapita mbele yangu akiburuta buti, vumbi likanijaa puani, nikapiga chafya. Kanzu ya akida ikawa ya mchinja ng'ombe.

Alijitazama kitambo. Kisha akasema kesi ya mbuzi itasikilizwa siku nyingine, na huyu bwana arudishiwe shati lake. (Kanzu nilifua mimi, na madoa hayakutoka.)

Mtoto alizaliwa salama, pua ikatulia, na tangu hapo nikisikia tone tu, kichwa mbele, pua nabana, mbingu nawaachia ndege. Lakini mimba zilizofuata, damu ikinianza, mume wangu alikuwa anatoka mbio mpaka katikati ya uwanja, anasimama mikono juu majirani wote wamwone. Maji ya kunawa alikuwa ananiletea mama yake.