Risasi Ambayo Haikuwepo

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya likizo ya Agosti, mwaka wa 2007, saa nne kasoro dakika kumi asubuhi. Saa naijua kwa sababu matangazo ya vifo yalikuwa yamekwisha tu redioni, na Mama alikuwa ameshukuru kwamba hakukuwa na mtu wa kwetu.

Tulitoka Uthiru watatu: Baba akiendesha, Mama kando yake, mimi nyuma. Nilikuwa kidato cha tatu na shule ilikuwa inafunguliwa Jumatatu, kwa hivyo tulikuwa tunaenda Kenyatta Market nikafumuliwe rasta za likizo. Gari lilikuwa jipya kwetu, mtumba kutoka Japani, na vibandiko vyake vya Kijapani hakuna aliyejua vinasema nini. Siku lilipofika, watu wa kanisa walikuja nyumbani wakaliwekea mikono, pasta akapaka usukani mafuta, kisha tukala chapati.

"Unaendesha kama umebeba mayai," Mama alimwambia Baba tukikaribia soko.

"Si nimekubeba wewe."

"Kwa hivyo mimi ni yai?"

"Wewe ni trei nzima."

Nilikuwa bado nacheka mkokoteni wa viazi ulipoingia mbele yetu. Baba aliukwepa, akagonga nguzo ya geti. Hatukuwa na kasi. Bampa ilibonyea, taa zote mbili zikabaki nzima. Lakini ukatokea mlio kama wa bunduki, na gari likajaa moshi wenye harufu ya fataki.

Baba aliugusa mfuko wa hewa uliokuwa umetoka ndani ya usukani ukamkinga kifua. Akanigeukia, karibu acheke. "Umeona? Eabegi zimefanya kazi."

Kisha akamwangalia Mama.

Mfuko wa upande wa Mama ulikuwa umechanika. Alikuwa amefunika jicho la kushoto kwa mikono yote miwili na damu ikipita katikati ya vidole. Hakupiga kelele. "Halifunguki," alisema, kama mtu anayezungumzia mlango.

Nilitoka kutafuta msaada. Soko lote lilikuwa limelala chini. Wanawake wa saluni walikuwa kifudifudi pamoja na wateja wao, mmoja kichwa kimesukwa nusu. Mchoma nyama alikuwa amechuchumaa nyuma ya jiko. Nairobi mlio ule tunaujua, na tunajua cha kufanya.

"We msichana, lala chini!" mama mmoja aliniita kutoka chini ya meza. "Watakuona!"

"Akina nani?"

"Wenye bunduki! Ama unataka wakumalize pia?"

Ningemwambia hakuna bunduki. Lakini mbele ya watu mimi sauti hunipotea, na hata sikuwa na hakika.

Mwenye pikapu mmoja alitupeleka hospitali kubwa iliyo karibu. Ni yeye aliyesema mlangoni, kabla Baba hajafungua mdomo: "Huyu mama amepigwa risasi sokoni." Basi ikawa hivyo. Na mtu wa risasi, muuguzi wa mapokezi alituambia, lazima polisi wamwone kwanza.

"Sista, hakuna risasi," Baba alisema. "Tuligonga nguzo."

"Mzee, nguzo gani inaingiza chuma kwa jicho?"

"Ni eabegi."

"Eabegi si ni kitambaa? Hiyo huokoa watu."

Hata sisi tulijua ni kitambaa.

Askari alikuja polepole, akaanza na Baba. Kuna mtu wamekosana naye? Kuna mambo ya shamba? Na mke wake je, anadaiwa na nani? Mama alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, sweta yangu ya shule imebanwa jichoni.

"Afande," alisema, "jicho linawaka. Wacha waniangalie, halafu unifunge hata mimi."

Askari alicheka kidogo, akaendelea kuuliza. Mwishowe daktari wa macho alipita, akainua ile sweta, akauliza kwa sauti ya juu huyu anangoja nini. Wakamsukuma ndani mbio.

Nilikaa kwenye benchi nikaangalia ukuta. Baba alikuwa analia. Nilijaribu kulia naye, hakukuja kitu. Nilihisi njaa, nikaona aibu, bado nikahisi njaa.

Daktari aliporudi alishika kibakuli. Ndani kulikuwa na kipande cha chuma chenye kingo kali, kama cha kopo lililopasuliwa, kisichozidi ukucha wa kidole gumba.

"Hii si risasi," alimwambia askari. Kisha akatueleza sisi. Ndani ya eabegi kuna kikopo chenye baruti inayofurisha mfuko. Mfuko ndio unaofaa kufunguka, kikopo kibaki kizima. Hiki chetu kilikuwa kibovu, kikapasuka na kurusha vipande.

"Angeingizwa mapema, ingesaidia?" Baba aliuliza.

"Pengine. Pengine pia hapana." Daktari aliangalia kibakuli. "Jicho tumelitoa, mzee."

Askari alisema pole sana, akavaa kofia akaenda. Nakumbuka nilifikiria kwamba kofia ilikuwa ndogo kwake.

Kesho yake asubuhi nilimpelekea Mama uji kwenye chupa. Mlinzi alisema si saa ya kuona wagonjwa, akanusa uji, akanipisha. Mama alikuwa ameegemea mto, bandeji imefunika nusu ya uso.

"Baba yako amekula?"

"Amekula," nilisema. Hakuwa amekula.

Nilivuta kiti kilichokuwa hapo kushoto kwake, nikachota kijiko, nikapuliza, nikampelekea. Alikuwa ananingoja akiangalia mbele. Kijiko kilimgusa shavu, akashtuka mwili mzima, uji ukamwagika shingoni.

Nilimfuta, nikazunguka kitanda na kiti changu hadi upande wa kulia, nikachota tena.