Jina Langu Katika Maombi ya Ijumaa

Nakumbuka Ijumaa moja jioni, nikiwa chuoni Kajiado, jina langu lilipotajwa katika maombi na mimi sikuwa nimemwomba mtu alitaje.

Mwanangu Ndanu, Jumapili tukitoka kanisani hapa Kitengela uliniuliza maswali, nami nikajifanya natafuta miwani. Ulisema mwalimu wenu amewaambia mwandike habari zenu wenyewe: imani, vitu mnavyovipenda, marafiki na safari, ukataka kujua mimi ningeandika nini wakati wangu. Halafu tulipofika kwenye lango ukaongeza jambo kwa sauti ya chini. Ulisema mwenzako wa chumbani amekuambia neno zito, na unafikiria kuliweka kwenye grupu la maombi la chuo ili asaidiwe.

Hayo ya kwanza ni mepesi. Chakula nikipendacho ni muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa, uliokaangwa na kitunguu kingi, na usiniletee wali ukidhani umeniheshimu. Rangi ni samawati. Safari ya mbali kabisa niliyowahi kwenda ni Rombo, nikatazama Tanzania ng'ambo ya pili, nikaona mahindi kama yetu, nikarudi. Yamekwisha hayo. Hilo la mwenzako ndilo linalonifanya nivute kiti.

Nilikuwa na rafiki akiitwa Nashipai. Kwao ni Kimana, mahali mashamba ya vitunguu na nyanya yanapoishia na malisho yanapoanzia. Mimi nilitoka hapa Kitengela, baba yangu akifanya kazi kwenye kiwanda cha saruji, Mkamba wa Biblia mkononi na saa ya ukutani isiyokosea. Tulikutana siku ya kwanza chuoni kwenye foleni ya magodoro. Yeye alinifundisha salamu za Kimaasai, mimi nikamfundisha kupika chapati. Salamu zangu zilikuwa afadhali kuliko chapati zake.

Sote wawili tulikuwa katika umoja wa wanafunzi Wakristo, na mimi ndiye niliyeongoza nyimbo. Nilikuwa na sauti, na sisemi hivi kwa kujisifu, maana ilikwisha zamani. Mwaka wa pili, kaka yangu Mutua aliugua. Nyumbani tulifunga, tukaomba, mhubiri akaja akatutangazia kwamba amekwisha kupona. Mutua akafa. Nilirudi chuoni nikaendelea kuongoza nyimbo, lakini kuomba nilishindwa. Nilikuwa naimba kama redio, ambayo hutoa sauti na yenyewe haijui inasema nini.

Jumamosi moja tulikuwa tunafua nyuma ya bweni. Nikamwambia, "Nashi, mimi siwezi omba siku hizi. Nikifunga macho ni giza tu."

"Tangu lini?"

"Tangu Mutua."

Alichukua shati langu, akalikamua, akalianika. Nikaona nimepata mtu. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na siku ile niliamini methali hiyo neno kwa neno.

Sasa, nyinyi wa maombi mnaijua desturi yetu. Kabla ya kufunga ibada, mwenyekiti huuliza nani ana hitaji. Huyu husimama akataja karo, yule tumbo, yule mtihani. Kisha kuna hitaji moja linalotamkwa kwa sauti laini kuliko yote: "Tumkumbuke dada fulani." Lingesemwa kisimani lingeitwa umbea. Likianza na Bwana asifiwe na kuisha na amina, linapita mlangoni bila kuulizwa. Sisemi wote wasemao hivyo ni wabaya. Wengi wana huruma kweli, na hiyo ndiyo shida yenyewe, kwa sababu mwenye huruma hajishuku.

Ijumaa ile alisimama Nashipai. "Bwana asifiwe. Niko na ombi. Tumkumbuke dada yetu Mutanu. Tangu ndugu yake alale, hajaweza kuomba. Anatuimbisha tu, lakini ndani amekauka."

Waliniita mbele. Wakanizunguka, wakaniwekea mikono kichwani na mabegani, na mmoja akakemea roho ya kutoamini mpaka sauti ikamkauka. Mimi nilikuwa nimeshika kayamba, na sikujua pa kuiweka. Nilisimama nayo mpaka wakamaliza. Niliumia, mwanangu. Nimewahi kuzaa, nimewahi kuzika, lakini bado nakuambia kwamba siku ile niliumia.

Baadaye dada mmoja alinifuata akaniambia kwa upole, "Mficha uchi hazai." Ni kweli. Lakini aliyejifunua mwenyewe kwa mkunga si sawa na aliyefunuliwa njiani.

Tangu hapo watu walinisalimu wakiwa wameinamisha kichwa upande, kama wanavyosalimiwa wafiwa. Mwenyekiti aliniambia nipumzike kuongoza nyimbo "mpaka Bwana aniguse". Nashipai akiniletea chai, niliiacha ikafanya utando. Akiniuliza kama kuna neno, namwambia, "Niko sawa." Moyoni nilikuwa nimekwisha amua: muhula ukiisha naomba kuhamishwa bweni, na umoja wenyewe nauacha. Yaani nilikuwa karibu kumpoteza rafiki pekee niliyekuwa naye, na Mungu pamoja naye, na kwa jinsi nilivyokuwa na kiburi nilikuwa tayari.

Lakini kabla ya muhula kuisha kulikuwa na safari ya injili, Kimana na Rombo. Tulipanda lori la chuo, tukapita njia ya vumbi ya Mashuuru, tukatokea Sultan Hamud, kisha Emali, kisha chini kuelekea mlimani. Wenzetu waliimba njia nzima. Mimi nilijifunga leso usoni kwa sababu ya vumbi, na ilinisaidia kwa mengine pia. Tulikuwa tumegawanywa wawili wawili katika nyumba za wenyeji tangu zamani, kabla ya Ijumaa ile, na hakuna aliyefikiria kubadilisha. Kwa hiyo mimi na Nashipai tulipelekwa pamoja, bomani kwa bibi yake.

Bibi huyo tulimwita Koko, ndivyo Wamaasai wanavyomwita bibi. Niliinamisha kichwa akanigusa utosini, akasema, "Takwenya," nikajibu, "Iko," akacheka kwa furaha. Huo ndio uliokuwa mwisho wa mazungumzo yetu. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni: ng'ombe, bei, hapana, ongeza, sema. Mengine yote ni Kimaasai, na kila alichosema kilinifikia kwa kinywa cha Nashipai. Mimi nilijibu maneno machache nikitazama pembeni.

Asubuhi ya pili, Koko alitupa kibuyu kimoja cha maziwa tugawane. Nashipai alikunywa akakiweka chini. Mimi nilingoja aondoke, nikakichukua. Koko aliona. Akatuita sote wawili, akaketi kwenye kigoda chake, fimbo magotini, akasema maneno marefu. Nashipai hakuyatafsiri.

"Sema," Koko akamwambia kwa Kiswahili.

Nashipai akasema huku akitazama miguu yake. "Anasema moran, kijana shujaa wetu, hakunywangi maziwa peke yake. Anasema sisi tunakunywa kama watu wameibiana ng'ombe." Kisha akaongeza: "Anakuuliza mimi nimekukosea nini."

"Mwambie hakuna."

Akamwambia. Koko akatikisa kichwa, akasema tena.

"Anasema 'hakuna' haiwezi kufanya mtu ageuze mgongo hivyo."

Sijui nini kilinifungua kinywa. Labda ni kwa sababu nilikuwa namjibu bibi wa watu, na mimi nililelewa nisimdanganye mzee mara mbili. Nikasema, "Mwambie nilikupatia neno langu tukifua nguo, na wewe ukalipeleka kwa chuo mzima."

Nashipai alifumba mdomo. Koko akangoja. Wazee wale wanajua kungoja, hata mbuzi wakipiga kelele. Mwishowe Nashipai akalisema, neno kwa neno nadhani, maana nilisikia jina langu humo ndani.

"Mwambie waliniwekelea mikono kichwani na mimi sikuitisha."

Akasema.

"Mwambie saa hii siwezi omba, siwezi imba, na rafiki sina."

Hapo alishindwa. Alijifuta macho kwa kiganja, akageuka upande wa ndama. Koko akagonga ardhi kwa fimbo. "Sema." Na Nashipai akageuka, akasema.

Mwanangu, ni jambo geni kusikia malalamiko yako yakitoka kwenye kinywa cha yule yule unayemlalamikia. Mkalimani hawezi kujitetea. Hawezi kusema "lakini". Anabeba tu, na uzito anausikia. Nilimtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa ile, nikaona kwamba haya yote alikuwa anayasikia upya. Sikuwa nimewahi kumwambia. Nilikuwa nimemwambia niko sawa.

Koko alimuuliza maneno mafupi, naye akajibu mafupi. Nikauliza wanasema nini.

"Ameniuliza kama nilitaka kukuaibisha. Nimesema hapana, nilikuwa naogopa juu yako, nilitaka usaidike. Akaniuliza kama nilikuuliza kwanza."

"Ukamwambia?"

"Nimemwambia sikukuuliza."

Nilidhani kesi imekwisha na mimi nimeshinda. Koko akanigeukia mimi. Aliyonena, Nashipai aliyatafsiri polepole, na naapa hakuyafurahia: "Anasema na wewe uko na makosa. Anasema mimi nilisema kwa watu wengi, na wewe hukusema hata kwa mimi mmoja. Anasema ng'ombe akikukanyaga mguu unapiga kelele hapo hapo. Hungoji afike nyumbani ndio umnunie."

Nilikasirika. Nimekanyagwa mimi, na fimbo ninapewa mimi! Lakini asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na guu langu lilikuwa tayari limekanyagwa, sikutaka la pili.

Koko akasimama, akamwambia Nashipai jambo moja la mwisho, akaenda zake kufungua ndama. Tukabaki wawili.

"Amesema nini?"

"Amesema hiyo ingine nisitafsiri. Niseme yangu." Akavuta pumzi. "Mutanu, pole. Sikukuuliza. Pole sana."

"Uliniumiza," nikamwambia usoni.

"Najua. Saa hii ndio najua."

Tukamalizia maziwa. Yalikuwa na ladha ya moshi, na kusema kweli sikuyapenda, lakini nilikunywa.

Usidhani kwamba mbingu zilifunguka. Kule Rombo, mwenyekiti alipouliza mahitaji ya maombi, nilikaa nyuma kabisa nikiwa sina hata moja. Nashipai aliacha nafasi yake ya mbele akaja akakaa nami. Hakunishika mkono, hakunikazia macho. Aliuliza tu, "Naweza kukuombea kimya kimya, bila kuambia mtu?" Nikamwambia anaweza. Imani yangu ilichukua muda mrefu sana kurudi, na ilirudi bila kupiga hodi. Siku moja nikiwa naosha vyombo nilijikuta nasema asante, na hapakuwa na mtu jikoni. Kilichoirudisha sikijui. Ninachojua ni kwamba muda wote huo palikuwa na mtu mmoja aliyejua sijarudi, na hakunihesabia kosa.

Bweni sikuhama. Nashipai alikuja kuwa mwalimu, nami nikawa mwalimu, na mpaka leo nikimpigia simu nikaanza, "Nashi, kuna neno," ananikatiza: "Ni ya kusema ama ni ya kukaa?" Nikisema ni ya kukaa, inakaa. Mume wake mwenyewe haijui. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Basi, Ndanu, sikiliza. Mwenzako alipokuambia neno lake, hakuliambia grupu. Alichagua sikio moja katika chuo kizima, akachagua lako. Kabla hujagusa hiyo simu, rudi ukamuulize: hili ni la kusema au la kukaa? Akisema ni la kukaa, kaa naye. Ukiona ni jambo linaloweza kumpeleka kaburini, usilikalie, lakini hata hapo mwambie yeye kwanza, kisha mshike mkono mwende wote kwa mtu mmoja mwenye uwezo wa kusaidia, si kwa kila mwenye simu. Mungu halisomi grupu ndipo ajue. Ukimwomba ukiwa unafua, anasikia. Na siku wewe ndiwe uliyetangazwa, usiiache chai ya mtu ikafanya utando. Mwendee, umwambie usoni imekuuma wapi. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini aliyeyamwaga anaweza kwenda kisimani tena, kama umemwambia kwamba una kiu.

Mungu akubariki, mwanangu. Akupe masikio mapana na mdomo wenye mlango. Ukipita njia ya vumbi, akupe wa kupita naye. Ukishindwa kuomba, na siku hiyo huja kwa kila mtu, hata kwa wanaoimba vizuri, akupe rafiki atakayekuombea bila wewe kusikia.