Rejeta na Mbwa wa Mama Mkwe

Kama hujawahi kupigiwa kelele na Rejeta, basi gari lako halijawahi kuchemsha. Jamaa ni fundi wa rejeta, kazi ndiyo iliyompa jina, na jina limemganda mpaka mkewe akikasirika humwita hivyohivyo. Mteja akiingia gereji boneti inafuka, Rejeta hasalimii. Anamwangalia juu mpaka chini, kama mtu aliyekutwa na kuku wa jirani kwapani.

"Mshale wa joto uliuona?"

"Niliuona fundi, lakini nilikuwa na haraka."

"Sasa haraka yako imefika wapi? Si imefika hapa?"

Na ole wako ushike dumu la maji. Hapo utapigiwa ukelele wa kusikika mtaa mzima: "Usimwagie maji injini ya moto! Unataka ipasuke?" Maneno hayo kayasema sana, mpaka wenye maduka ya jirani wanamwigiza. Na kwa injini yuko sahihi, tusimwonee. Shida ya Rejeta ni moja tu: akishajua kitu kimoja, anajiona kajua vyote.

Mama mkwe wake alihamia kwao baada ya kufiwa na mume. Alikuja na sanduku, redio na mbwa. Mbwa anaitwa Chaji, jina alipewa na marehemu, na kweli chaji haimwishii. Dume la kahawia, miguu mirefu, bado kijana. Wiki ya kwanza alitafuna kandambili za nyumba nzima, akahamia gereji, iliyo uani mwa nyumba hiyo hiyo, akamaliza siti ya gari la mteja. Akikosa cha kutafuna anabweka. Akikosa cha kubwekea, anaubwekea ukuta.

Lakini Rejeta hakuwa na tatizo na mbwa. Alikuwa na tatizo na mama mkwe. Tangu amuoe binti yake, yule mama hajawahi kumwambia neno baya. Wala zuri. Siku Rejeta akipika yeye, mama mkwe akimaliza kula anamshukuru binti yake. Alipomtengenezea redio, mama akaisikiliza kidogo, akasema, "Inasikika." Rejeta akaishi na hilo neno wiki nzima, anawasimulia watu gereji.

Kwa hiyo asubuhi moja mama alipomwambia, "Baba, marehemu alikuwa anakimbia na huyu mbwa ndiyo anatulia. Mimi magoti yamegoma," Rejeta hakusubiri amalize.

"Mama, hilo niachie mimi."

Mkewe akacheka mpaka akashika mlango. "Wewe? Ukimbie? Baba watoto, wewe dukani unaenda na gari, na duka tunaliona kutoka hapa!"

"Cheka tu. Utanikoma."

Akachukua mkanda wa siti wa gari bovu, ncha moja akaifunga kwenye shingo ya Chaji, nyingine kiunoni kwake. Siku za mwanzo hakukimbia, alikimbizwa. Fundi umeme anayefanya naye kazi alikuwa anatoka nje kuangalia kama sinema. "Bosi, samahani, hapo nani kamfuga mwenzake?"

Ila tumpe haki yake, hakuacha. Tumbo likapungua, pumzi ikakaa sawa, na akawa kero. Mteja kaja na gasketi iliyoungua, anapewa somo la kukimbia. Simu yake ikawa inampimia umbali, naye anamwonyesha kila mtu, hata wasiouliza. Na kila akirudi, Chaji anajitupa chini na kulala fofofo, na mama mkwe anasema, "Leo amelala vizuri."

Amelala vizuri! Mama alikuwa anamsifia mbwa. Rejeta akasikia anasifiwa yeye. Akaona hesabu ni nyepesi: akienda mbali, mbwa analala. Akienda mbali zaidi, mbwa analala zaidi, na mama anafurahi zaidi. Mama alimwambia, na alimwambia vizuri, kwamba marehemu alikuwa anatoka kabla ya jua, na njiani anasimamasimama. Rejeta akaitikia "sawa mama," moyoni akasema marehemu alikuwa mzee.

Jumapili moja alichelewa. Mteja alimng'ang'ania asubuhi yote, na alipomaliza jua lilikuwa utosini. Mkewe akamkuta anafunga kamba za viatu.

"Kwa jua hili? Ngoja jioni bwana."

"Mbwa wana manyoya tangu dunia iumbwe. Umeshasikia hata mmoja analalamika?"

Fundi umeme akadakia kutoka chini ya gari. "Leo mpaka wapi, bosi?"

"Mpaka kiwanda cha saruji. Na kurudi."

Hajawahi kufika huko kwa miguu. Hakuna aliyemtuma. Alibeba chupa moja ya maji, ya kwake.

Kwenda walikwenda vizuri, kwa maana kwamba Rejeta hakuona kitu. Lami ilikuwa imelainika kwa joto, yeye ana viatu vya soli nene, atajuaje? Walipofika geti la kiwanda, Chaji akajipenyeza chini ya lori lililoegeshwa, akalala kivulini. Rejeta akamvuta. "Toka huko, usinitie aibu." Akanywa maji, mabaki akayamimina kiganjani, Chaji akalamba. Maji yakaisha, akaendelea kulamba kiganja kitupu. Rejeta akadhani anabembelezwa.

Wakati wa kurudi ndipo likatokea jambo. Ule mkanda wa kiunoni, ambao siku zote umekaza kwa mbele kama unavuta tela, ukalegea. Rejeta akageuka. Chaji yuko nyuma. Kwa mara ya kwanza tangu waanze, mbwa yuko nyuma!

Mtu mwenye akili timamu hapo angesimama. Rejeta akashangilia.

"Umechoka, eeh? Leo umekutana na mwanaume!"

Akaongeza mwendo. Chaji akawa anahepa lami, anakanyaga vumbi la pembeni, anainua miguu kama anayepita juu ya mkaa. Ulimi umetoka nje wote, mpana, mwekundu wa kuiva. Lakini anakuja. Mkanda ukimvuta anakuja, usipomvuta anakuja vilevile, maana huyo wa mbele ndiye mtu wake.

Rejeta aliingia gereji mikono juu.

"Nimemshinda! Jamani, nimemshinda mbwa!"

Fundi umeme hakumwangalia yeye. "Bosi, huyu mbona anayumba?"

Chaji akazunguka mara moja kama anatafuta pa kulala, miguu ya nyuma ikamkatikia, akaanguka kwa ubavu karibu na sanduku la spana. Macho wazi, hayaangalii kitu. Mate mazito yanamtoka na kifua kinapiga kama pampu. Fundi umeme akarukia mpira wa maji, akafungua bomba.

Na hapo, jamani, Rejeta akasimama katikati, akatanua mikono yote miwili.

"Usimwagie! Wa moto huyo! Unataka apasuke?"

"Bosi, huyu ni mbwa."

"Wa moto ni wa moto tu! Mwache apoe mwenyewe!"

Kelele zikamtoa mama mkwe ndani. Akasimama mlangoni, akamwona mbwa chini, akamwona mkwewe kajitanua kama kipa.

"Amefanya nini?"

"Amechemsha tu, mama. Tumwache kivulini apoe polepole, baada ya muda..."

"Baba."

"Mama, mambo ya joto ndiyo kazi yangu, mimi nayajua..."

"Baba, ondoka hapo."

Hakupaza sauti. Rejeta akaondoka. Yule mama, ambaye ndani ya nyumba anatembea kwa kushika ukuta, akapiga magoti kwenye oili, akanyang'anya mpira wa maji, akaanza kumwagia Chaji tumboni, kwapani, kwenye nyayo. Akamwambia binti yake, aliyetoka nyuma yake, ampepee kwa boksi. Mke wa Rejeta huku anapepea, huku kampigia daktari wa mifugo na kuweka spika.

"Endeleeni kumwagia," sauti ya daktari ikasema. "Maji ya bomba yanatosha, msitafute barafu. Mpepeeni. Msimlazimishe kunywa. Akipumua vizuri kidogo mleteni, na njiani msiache kumpepea."

Rejeta akaendesha. Mama mkwe kakaa nyuma na mbwa aliyelowa mapajani, anapepea, haongei. Rejeta alitamani atukanwe. Akawa anachungulia kwenye kioo, akikutana na macho ya mama anarudisha yake barabarani. Mshale wa joto kwenye dashibodi ulikuwa katikati, pale pale unapotakiwa kuwa. Gari lake halijawahi kuchemsha hata siku moja.

Daktari alikuwa binti mdogo kwa umri, kavaa gambuti. Akamtundikia Chaji dripu, akampima joto, akatikisa kichwa.

"Nani alikuwa anakimbia naye?"

Rejeta akanyoosha mkono kama yuko darasani.

Daktari akageuza nyayo za Chaji, zimetoka malengelenge. "Siku nyingine weka kiganja chako kwenye lami kwanza. Ukishindwa kukiacha hapo, na yeye ataweza vipi?"

"Lakini hakuonyesha dalili, daktari. Angelala chini ningeacha."

"Wewe ukichoka unakaa, unatukana, unatafuta bodaboda. Yeye anakuangalia wewe tu. Ukienda, anaenda. Siku zote mkikimbia anakuwa wapi?"

"Mbele."

"Na leo?"

Rejeta akatazama sakafu. "Nyuma."

Daktari akarudi kwenye dripu yake. Alisema Chaji alale pale, na kwamba hawezi kuwaahidi chochote mpaka kesho.

Kesho yake Chaji akanyanyua kichwa, akanywa maji. Siku iliyofuata akajaribu kutafuna mpira wa dripu, daktari akawapigia simu waje wamchukue haraka.

Nyumbani hakuna aliyegomba. Hilo ndilo lililomuua Rejeta. Mama mkwe akila anamshukuru binti yake, akimaliza anaingia chumbani na mbwa wake. Gereji nako Rejeta akanyamaza, mpaka mteja mmoja aliyechemsha gari akauliza kama fundi anaumwa. Mwishowe akaenda kusimama mlangoni kwa mama.

"Mama, hodi. Nimekuja kuomba radhi."

Mama alikuwa anazungusha redio, anatafuta stesheni. "Kule kiwandani ulifuata nini?"

Rejeta alikuwa na uongo wa aina kama tatu tayari. Sijui ilikuwaje, ukamtoka ukweli.

"Nilitaka uniambie nimefanya vizuri."

"Mimi?"

"Ndiyo, mama."

"Miaka yote hii ndicho ulichokuwa unasubiri?"

"Ndiyo, mama."

Mama akazima redio. "Na mimi nilidhani hupendi kuongea na mimi. Nikiingia unaanza mambo ya rejeta." Akamtazama Chaji, aliyelala na nyayo zake za bandeji. "Ungemuua, baba. Kwa ajili ya neno langu ungemuua huyu mbwa."

"Najua."

"Basi jua hivyohivyo."

Nyayo zilipopona, mama akasema watatoka wote watatu, kabla ya jua. Rejeta alishanunua mkanda wa mbwa wa kuvaa kifuani na kamba yake, ule wa siti akautupa, na alibeba chupa mbili za maji na bakuli. Walitembea taratibu mpaka kona, mama akakaa kwenye ukingo wa mtaro.

"Mimi nimefika. Nyie zungukeni mpaka kwenye ile nguzo, mrudi."

Chaji alikuwa ameshakaza kamba. Rejeta akaishika, akasita. Baada ya yote yale, mama anampa tena mbwa?

"Nikimbie naye, mama?"

"Akikimbia, kimbia. Akisimama, simama. Na wewe baba..."

Rejeta akageuka upesi, akasubiri.

"Funga kamba ya kiatu, utaanguka."

Akainama kufunga, anatabasamu peke yake kama mjinga. Chaji hakumngoja amalize.