Mwalimu Niliyemfunga kwa Redio

Nakumbuka siku moja ya soko, hapa hapa Kabambare, nilimfunga jela mtu asiye na kosa, na nilimfunga kwa mdomo tu. Usicheke bado, mwanangu. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili, mtangazaji mpya wa redio yetu ndogo, na nilijiona mtu mkubwa kweli.

Siku hizo habari ilikuwa moja: mwalimu aitwaye Ramazani anawatoa watoto darasani na kuwapeleka wakamchimbie dhahabu. Wazazi walikuwa wamemshtaki kwenye tribinali, yaani mahakama, ya Kasongo. Basi asubuhi ile dereva wa pikipiki aliyetoka huko akaniambia, "Zaina, Ramazani wamemufunga!"

Mimi nilimjua Ramazani mmoja tu, yule aliyenifundisha kusoma. Nilikuwa sijamwona wiki mbili. Na nisikufiche, alikuwa akinisimamisha ukutani kwa kupiga domo darasani, kwa hiyo ubaya wake niliuamini upesi. Nikakimbilia maikrofoni nikasema: "Mwalimu Ramazani wa shule yetu ya hapa mjini amehukumiwa jela."

Saa moja haikupita, mlango wa studio ukafunguliwa. Alikuwa ni yeye, ameshika fungu la samaki wakavu. Kumbe alikuwa Nyangwe kwa dada yake.

"Zaina," akasema, "jela gani hii yenye kuwatuma wafungwa wake wakalete samaki?"

Nilitamani ardhi inimeze. Nikasahihisha palepale hewani, nikaomba radhi mpaka sauti ikakatika. Lakini wengi walikuwa wamekwisha kurudi mashambani na habari ya kwanza. Kesho yake, kati ya watoto arobaini wa darasa lake, walikuja sita. Mke wake alikwenda kuteka maji, wenzake wakanyamaza walipomwona.

Nikaenda kwake kulia. Akanipa kiti, akaningoja nimalize.

"Machozi hayatanirudishia watoto darasani," akasema. "Utapita kwa wazazi, mulango kwa mulango, na miguu yako. Halafu utaenda Kasongo. Kesi haiyakwisha, na mushitakiwa ni Ramazani mwingine, wa upande wa Lusangi. Wale watoto wa kwenye mashimo wanahitaji mutu wa kuisema habari yao vizuri."

Mwanangu, maneno hayo yalinichoma kuliko matusi. Jina lake limechafuliwa, naye anawaza watoto wa shule nyingine.

Nikapita nyumba zote. Kuna bibi aliyenirudisha mara tatu nimweleze upya, nadhani alikuwa anafurahia tu. Kisha nikapanda pikipiki kwenda Kasongo. Njiani tulianguka kwenye tope mara nne, nikaingia tribinali kama chungu kibichi.

Pale nilimsikia msichana mmoja mdogo. Jina lake sikulitangaza wakati ule, na leo pia silitaji. Juji, yaani hakimu, alimuuliza darasani walijifunza nini mwaka ule. Akajibu, "Kuosha muchanga." Mwalimu yule mshtakiwa akainamisha kichwa. Juji alimtia hatiani. Mimi nikauliza kwa karani jina lote la mwalimu huyo na shule yake, nikaandika, nikamwomba anisomee tena.

Nilipoitangaza habari hiyo, mwalimu wangu alikuja studio. Kwa wakati ule darasa lake lilikuwa limejaa, wengine wanakaa chini.

"Umesema vizuri," akaniambia. "Ila bado unasoma haraka."

Leo mna simu, na ninyi nyote ni watangazaji. Ikikufikia habari ya mwalimu aliyeharibu, usiifunike eti ni mkubwa, wala eti shule itapata aibu. Mtoto akikuambia ameumizwa, kaa chini umsikilize, umpeleke kwa wanaoweza kumsaidia. Lakini kabla ya kutaja jina la mtu, uliza: ni nani hasa, wa wapi, nani ameona, na juji amesema nini? Jina la mtoto liache kabisa. Na ukikosea, usitosheke na kuandika "samahani" kwenye simu. Vaa viatu, nenda kwa uliyemkosea.

Mungu akujalie ulimi wa kweli na moyo usioogopa. Awape watoto wako walimu watakaowapenda, wasome mpaka waanze kutusahihisha sisi wazee, nasi tucheke pamoja nao. Amina.