Chupa ya Maji ya Pasi Imenifanya Mchawi Ukweni

Admin, jina langu libaki kwako tafadhali. Mimi ni mwanamke wa miaka 34, mwalimu wa shule ya msingi hapa Babati, nimeolewa, tunaishi Bagara na watoto wetu wawili. Mume wangu ni fundi wa kuchomelea mageti. Nimelia mpaka wanafunzi wananiuliza, "Mwalimu, unaumwa?"

Kisa chenyewe ni pasi. Ndiyo, pasi ya nguo. Chekeni kwanza, mkimaliza mnisikilize.

Nilipojifungua mtoto wa pili kwa upasuaji sikuweza kusimama muda mrefu, mume wangu, Baba Neema, akachukua kazi ya kupiga pasi. Nilipopona nikataka kuendelea mwenyewe, akagoma. "Mimi moto naujua, mke wangu. Wewe umeshaunguza magauni mawili." Ni kweli, niliunguza. Pasi yetu ya zamani ilikuwa inanata kwenye kitambaa, tukaenda kununua ya mvuke. Mwenye duka, mzee mmoja wa Kiislamu mcheshi sana, akatutolea za rangi rangi. Mume wangu hata hakuziangalia rangi. Alizipima uzito kwa mkono, akapapasa kitako kama kina mikwaruzo, akachungulia matundu ya mvuke, akaomba ichomekwe kwenye umeme tuone inavyopumua. Mzee akacheka: "Mama, huyu anachagua pasi au mchumba?" Nisiwadanganye, siku ile nilijiona mwanamke wa maana.

Sasa maji yetu yana chumvi. Ukichemsha, birika linabaki na ukoko mweupe. Ukiyatia kwenye pasi yanaziba matundu, halafu siku moja inakutemea uchafu wa kahawia kwenye blauzi nyeupe. Kwa hiyo mume wangu anakinga maji ya mvua, anayachuja kwa kitambaa na kuyatia kwenye chupa, na chupa anaiweka juu ya kabati watoto wasije wakanywa. Anafanya yeye mwenyewe. Mimi ile chupa sijawahi hata kuigusa.

Mama mkwe akaja kutoka kijijini, upande wa Dareda, kutibiwa goti. Nilikuwa namkanda kwa mikono yangu hii, na tulipatana. Lakini tangu aje, mume wangu akawa anapiga pasi alfajiri, mlango ameufunga, kwa aibu. Asubuhi moja mama akausukuma. Akamkuta mwanawe anamimina maji ya kwenye chupa, pasi inalia, mvuke umefunika gauni langu lote. Yeye pasi anayoijua ni ya mkaa. Alipiga yowe: "Yesu wangu! Mwanangu amelishwa, sasa anafukizishwa!"

Nilikuja mbio nikidhani nyumba inaungua. Nikamweleza, mama, huo ni mvuke, hayo ni maji ya mvua tu. Akanitazama juu mpaka chini. "Maji ya mvua ndiyo yafichwe juu ya kabati?" Mume wangu alikuwa kainama anachomoa waya. Mama akakataa chai, akataka basi la kurudi kwake siku hiyo hiyo.

Baadaye tukaitwa kikao cha ukoo. Alikuwepo mama, baba mdogo na shemeji zangu. Baba mdogo akamuuliza mume wangu kwa upole kabisa, "Mwanangu, ile chupa ni ya nani?" Moyo ukatulia, nikajua sasa yanakwisha. Mume wangu akawatazama kaka zake. Mmoja alikuwa ameshaanza kucheka chini chini. Mume wangu akainamisha kichwa.

"Ni ya Mama Neema. Mimi sijui anaweka nini. Ananiambia piga pasi, napiga."

Jamani! Nikamwambia, "Baba Neema, niangalie." Hakuniangalia. Mama mkwe akaanza kulia kwa sauti, na mimi nikalia, tukawa tunalia wawili kila mtu na lake.

Tulipofika nyumbani aliniomba msamaha huku machozi yanamtoka. "Ningesemaje mbele ya wale? Nakinga maji ya mvua ili nimpigie mke wangu pasi? Wangenicheka mpaka nife. Wewe watakusamehe, sema tu yaishe."

Yaishe! Ukoo umeamua Jumapili hii niende na ile chupa, nipige magoti, niyamwage maji mbele yao na kusema nimekosa, sitarudia. Nikikataa, nirudishwe kwetu. Wifi yangu ameshanitangaza mjini. Juzi mzazi mmoja alimkataza mtoto wake kupokea maji ya kunywa mkononi mwangu, mtoto akaja kuniambia mwenyewe, maskini, hajui alisemalo. Nikikiri mimi nitafundisha watoto wa nani?

Shahidi ninaye. Neema ana miaka tisa, ndiye anayemshikia baba yake kitambaa cha kuchujia. Lakini nimsimamishe mtoto mbele ya ukoo amwite baba yake mwongo? Na kinachoniua zaidi ni kwamba nampenda. Hajawahi kunipiga wala kuninyima. Ni mwanaume mwema ambaye alinitupa mara moja tu, na mara hiyo ilikuwa mbele za watu.

Leo nimerudi kutoka shule nikakuta kitenge changu kizuri kimetundikwa mlangoni, kwa ajili ya hiyo Jumapili. Amekipiga pasi yeye, hadi marinda ya mikononi yamekaa sawa. Akaniambia, "Nataka ukienda uonekane mke wa mtu."

Ndugu zangu, mimi akili imegoma. Nikivae nikapige magoti, au niseme ukweli nimuumbue mume wangu mbele ya mama yake? Semeni na mimi mapema, Jumapili ni kesho kutwa.