Pini Mdomoni mwa Fundi

Umeme ukiisha kwenye nyumba yao ya kupanga Chang'ombe, anayeingiza namba kwenye mita ni fundi cherehani wa chumba cha uani, kwa sababu wapangaji wengine mita ikiwakataa huipiga makofi. Yeye hufuta kidole gumba kwenye suruali, hubana pini kwa meno ya pembeni kama yuko kazini, kisha husoma namba zile ishirini nne nne, kwa sauti ya mtu anayebembeleza mtoto. Ikikataa, hufuta kidole tena na kuanza moja. Apolonia, mpangaji mwenzake, alikuwa akiusifu utulivu huo, mpaka mchana ule mashine ya dawa ya pumu ilipozimika usoni mwa mama yake. Akiwa nje kwenye mita pamoja na fundi, alisikia kupitia dirishani kifua cha mama kikipiga filimbi, na mita ilikuwa imekwisha kukataa mara mbili.

"Fundi, harakisha basi, mama pumzi zinamwishia."

"Nikiharakisha nakosea, dada, na nikikosea tunaanza moja."

Akafuta kidole. Apolonia alimchukia kwa kufuta kile kidole. Filimbi ya dirishani ikawa nyembamba, kisha ikaanza kukatikakatika. Fundi akasoma nne, akasoma nne nyingine, sauti ileile, mpaka ya mwisho. Taa ikawaka, na chumbani mashine ikaanza kuunguruma. Apolonia aligeuka kukimbilia ndani, ndipo akamwona fundi akiitoa pini mdomoni. Ilikuwa imepinda, na mdomo wake ulikuwa ukivuja damu. Fundi aliitazama, akaitupa, akachomoa nyingine kwenye kola ya shati.